Arobaini Zangu Zimefika



Waswahili husema, siku za mwizi ni arobaini. Maana yake, mtu aweza kuiba leo, na kesho, na kesho kutwa, asionekane. Lakini siku yake inakuja, naye atakamatwa tu. Neno hili arobaini lina maana nyingine tena: mtu akifa, jamaa zake hungoja siku arobaini, ndipo wakusanyike kumwombea na kumaliza matanga. Nami mwaka huu nina miaka thelathini na tisa. Mwakani, Mungu akinijalia, nitatimiza arobaini. Kwa hiyo neno hili limenikaa moyoni mchana na usiku. Je, mtu akifika miaka arobaini amekuwa kama mwizi aliyekamatwa? Au kama marehemu aliyemalizwa matanga? Au iko maana ya tatu?

Nawaandikia mawazo yangu, wala si kwa kuwa nina elimu kubwa. Nilisoma seminari miaka kadhaa, nikatoka, nikaoa, na sasa ni katekista hapa Kisangani. Nitasema juu ya motokaa kuukuu, juu ya watu wenye jina, na juu ya michezo. Labda mtanong'onezana, "Katekista ameacha Katekisimu, sasa anafundisha magari!" Nivumilieni kidogo, mtaona tunakokwenda.

Motokaa ya baba

Uani kwetu, katika komuni ya Mangobo, chini ya mwembe, ipo Peugeot 404 ya marehemu baba. Sisi wa hapa twaiita "mutuka". Baba aliinunua mwaka wa 1978 kwa tajiri mmoja wa kahawa, ambaye alikuwa akimwendeshea gari. Hata siku ile haikuwa mpya. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka wa 1960, na wazee wanaisifu kwa uvumilivu wake katika barabara mbaya. Baba hakufika Nairobi hata siku moja, lakini alijua kwa moyo ya kuwa 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, yaani 1963, 1966, 1967 na 1968. Alipenda kutusimulia kwamba mwaka wa 1963, na tena mwaka wa 1968, motokaa zilizofika mwisho wa safari zilikuwa saba tu. Nyingine zote zilishindwa njiani. "Na katika hizo saba," alisema huku akipigapiga boneti, "ya kwanza ilikuwa ndugu yake huyu."

Mlango wa nyuma una tundu. Lilitobolewa na kipande cha bombu katika siku zile sita za mwaka wa 2000, tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu na raia wakafa kwa mamia. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Tulilala kifudifudi chini ya vitanda, mama akisali Rozari kwa sauti ndogo. Vita vilipokwisha, fundi alitaka kuliziba tundu lile, baba akakataa. Alisema, "Liache. Lingetupata sisi."

Baba alipofariki, motokaa ilikuwa imekwisha simama miaka minane. Matairi yalikuwa yameoza, na kuku walitagia kwenye kiti cha mbele. Hapo ndipo mimi nilipopatwa na tamaa. Nikasema moyoni: nitaifufua. Siku ya kutimiza miaka arobaini nitaiendesha toka Mangobo mpaka Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Rozari, pale kando ya mto. Nitaisugua hata ing'ae. Vijana wa pikipiki watasimama, wazee watavua kofia, na watu wataulizana, "Ni nani yule?"

Lishikeni neno hilo, "Ni nani yule?" Ndilo lililonipoteza.

Watu wenye jina

Hamu ya kutazamwa si yangu peke yangu. Na mji wetu umepata kuwaona watu waliotazamwa na dunia nzima. Mwaka wa 1951, mji ulipokuwa ukiitwa bado Stanleyville, watu wa sinema walikuja kutengeneza sinema iitwayo The African Queen kando ya mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Aliyewaongoza alikuwa John Huston. Waliocheza walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, wawili ambao majina yao yalijulikana Marekani na Ulaya kote.

Nilipoisoma habari hiyo nilistaajabia jambo moja. Wakuu wa sinema ile hawakuwa vijana: Bogart alikuwa na miaka 51, na Bibi Hepburn 44. Mashua yenyewe ilikuwa kuukuu, imeundwa Uingereza mwaka wa 1912, na ilikuwa imefanya kazi ya kubeba watu na mizigo katika Ziwa Albert. Katika hadithi ile injini yake hukohoa na kugoma, hata mwenyewe huipiga teke ipate kuendelea. Lakini kwa kazi hiyo Bogart alipewa zawadi ya Oscar, ya pekee maishani mwake. Na mashua ile imetengenezwa, hata leo inachukua wageni huko Florida. Basi si kweli kwamba kila kilicho kikuukuu hakina kazi tena.

Miaka saba baadaye, yaani 1958, alikuja Stanleyville mwingine mwenye jina hilo hilo la Hepburn, lakini hawakuwa ndugu. Huyu ni Audrey Hepburn, naye alikuwa na miaka 28. Alicheza habari ya mtawa mwuguzi aliyetumwa Kongo, katika sinema ya The Nun's Story, iliyotoka mwaka wa 1959. Wakati ule uso wake ulikuwa katika magazeti ya kila nchi. Wasichana walikata nywele kama yeye.

Uso ule ulikwenda wapi? Ulizeeka, kama nyuso zote. Lakini mwaka wa 1988 mama huyu aliingia katika kazi ya UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la kuwasaidia watoto, na mwaka ule ule akaenda Ethiopia kwa watoto wenye njaa. Mwaka wa 1992 alikwenda Somalia. Alifariki mwezi wa Januari 1993, mwenye miaka 63. Yeye mwenyewe aliijua njaa katika usichana wake, huko Uholanzi wakati wa vita kuu. Picha zake za miaka ile ya mwisho zinamwonyesha ana mikunjo usoni, nguo za kawaida, na mtoto mikononi. Ujanani alivaa vazi la mtawa kwa ajili ya sinema. Uzeeni hakuwa na vazi lile, lakini kazi yenyewe ya huruma aliifanya. Jina alilokuwa amelipata kwa kutazamwa alilitumia ili watu wawatazame wengine.

Mpira na ngumi

Mkongomani akitaja michezo hawezi kuuruka mwaka wa 1974. Mwezi wa Machi mwaka ule timu yetu, iliyoitwa Leopards, ilichukua Kombe la Afrika huko Misri. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale, na hata leo hakuna aliyefunga mengi kuliko hayo katika mashindano mamoja ya kombe hilo. Fainali na Zambia ilikwisha mbili kwa mbili, ikarudiwa, tukashinda mbili kwa bila. Mabao yetu yote manne yalikuwa yake.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka wa 1994, akiwa na miaka 45, aliitwa Tunisia kupewa heshima kwa kazi yake ya zamani. Aliporudi, wezi walimpiga risasi mguuni mjini Kinshasa. Akakimbilia Afrika ya Kusini. Mwaka wa 1998, katika mashindano ya Kombe la Afrika huko Burkina Faso, ilienea habari kwamba amekufa, na watu uwanjani wakasimama kimya kumheshimu. Kumbe yu hai! Alikuwa Afrika ya Kusini, ambako alipata riziki kwa kuangalia motokaa za watu mahali pa kuegesha. Alifariki kweli mwezi wa Januari 2019.

Nimewaza sana juu ya dakika ile ya kimya. Umati ulimpa heshima ya maiti mtu aliyekuwa akihitaji chakula cha mtu hai. Sisemi kwamba waliosimama walikuwa wabaya, walimpenda kweli. Lakini macho ya umati ndivyo yalivyo. Hutuona tunapong'aa, na pengine hutukumbuka tukifa. Ila katika miaka ya katikati, mtu anapochechemea, hayapo.

Mwaka ule ule wa 1974, tarehe 30 Oktoba, Muhammad Ali alipigana na George Foreman mjini Kinshasa. Ali alikuwa na miaka 32, Foreman 25, na wengi walidhani kijana atamvunja mkubwa wake. Ali akamwangusha katika raundi ya nane. Lakini Ali naye alifikiwa: pigano lake la mwisho lilikuwa Desemba 1981, mwezi mmoja na siku chache kabla ya kutimiza arobaini, akashindwa. Foreman aliacha ngumi mwaka wa 1977, akawa mhubiri, akafungua kituo cha vijana huko Houston. Fedha za kituo zilipopungua, alirudi ulingoni mwaka wa 1987, mnene, na watu wakimcheka. Tarehe 5 Novemba 1994, mwenye miaka 45, alimwangusha Michael Moorer wa miaka 26 na kupata tena ubingwa alioupoteza hapa kwetu.

Msifanye haraka kusema: "Naam, atendaye mema hushinda." Ndaye hakuwa mtu mbaya, naye hakupata raundi ya pili ya namna hiyo. Mungu hagawi ushindi kama karanga. Ninachokiona ni hiki: Foreman alipokuwa na miaka 25 alipigana ili awe bingwa, alipokaribia arobaini alirudi kwa sababu kulikuwa na vijana waliomtegemea. Hata angeshindwa usiku ule, sababu yake isingepotea.

Mimi mwenyewe nilicheza winga ya kulia katika timu ya seminari. Juzi, siku ya Jumapili, wazee wa parokia tulicheza na vijana. Nilipata mpira mmoja mzuri, nikakimbia, goti likakataa, nikaanguka mbele ya akina mama wa Lejio ya Maria. Walicheka. Nami nilicheka kwa mdomo tu.

Siku niliyokamatwa

Sasa nifike kwenye neno zito, ambalo kwa ajili yake nimeandika yote haya.

Dada yangu anakaa Ubundu, anafanya biashara ya samaki wakavu. Binti yake wa miaka kumi na mitatu anakaa kwangu, kwa kuwa anasoma sekondari hapa mjini. Kila mara dada hunitumia fedha za shule, franka alizozipata kwa moshi na miiba ya samaki. Siku moja fundi akaniambia, "Katekista, kabureta ya 404 imepatikana, lakini mwenyewe anataka fedha leo, kesho ataipeleka Bunia." Mfukoni sikuwa na kitu. Katika sanduku zilikuwapo fedha za mtoto, za miezi mitatu.

Nilizichukua. Sikusema "naiba", la, nilisema "nakopa". Nilijua vizuri ninavyowafundisha wakatekumeni juu ya Amri ya Saba, hata hivyo nilijipatia maneno: mwisho wa mwezi nitarudisha, tena motokaa ni ya jamaa yote, hata dada ataifurahia. Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita. Kabureta ilitiwa, injini ikakohoa mara mbili, moshi mweusi ukatoka, ikazimika. Fundi akasema sasa yahitajiwa pampu.

Asubuhi moja, kama saa nne, nilirudi nyumbani toka mafundishoni. Nilimkuta mtoto amekaa katika kiti cha nyuma cha motokaa, amevaa sare yake ya bluu na nyeupe, daftari magotini.

"Mbona huko shuleni?"

"Mjomba, wamenirudisha."

"Tangu leo?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Akatazama chini, akajibu pasipo hasira, "Nilijua fedha iko ndani ya mutuka. Nikasema labda tukingoja, itatembea."

Wasomaji wapenzi, sikupata jibu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama. Hapo ndipo nilipojua kwamba arobaini zangu zimefika, kabla hata ya siku yenyewe.

Jioni ile mama mmoja mzee, anayeuza pondu sokoni, alipitia kwetu. Alikuwa amesikia kwamba injini imelia, akaja kupongeza. Aliigusa motokaa ubavuni kama mtu anayemgusa ng'ombe wake, akasema, "Hii ndiyo iliyonichukua usiku, nikiwa na uchungu. Mtoto alizaliwa mle mle kitini, kabla hatujafika hospitali. Baba yako hakuniomba hata franka moja." Mama huyu hajui 404 wala 403. Habari za Safari za Nairobi hajazisikia. Hakusema neno juu ya rangi yake wala mng'ao wake. Alikumbuka kwamba ilimchukua.

Miaka yote nilidhani kwamba baba aliheshimiwa kwa sababu ya motokaa. Kumbe motokaa iliheshimiwa kwa sababu ya baba, naye baba aliheshimiwa kwa sababu ya wale aliowapakia.

Maana ya tatu

Kesho yake nilimrudishia fundi kabureta; akaitwaa kwa theluthi mbili za bei yake. Theluthi iliyobaki niliipata kwa kuuza redio yangu, ile niliyosikilizia mpira kila Jumapili. Nilikwenda kuungama kwa Padri. Kisha nikampigia dada simu nikamwambia yote, bila kutumia neno "kukopa". Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Mtoto arudi shuleni kwanza. Mengine tutayasema nitakapokuja." Mpaka leo hajaja, nami ninaiogopa siku hiyo. Mtoto alirudi darasani, lakini mtihani wa hesabu ulikuwa umekwisha kumpita. Huo siwezi kuulipa kwa redio.

Basi, je, ni kosa kupenda motokaa za zamani, na watu wenye jina, na michezo? Sioni hivyo. Aliyetengeneza 404 alitumia akili aliyopewa na Mungu. Na sisi tulioruka kwa furaha kwa ajili ya bao la Ndaye, au tuliosimuliwa tu na baba zetu, tulipata furaha ya kweli. Kosa langu lilikuwa kupenda vitu hivi kama kioo cha kujitazamia sura yangu, na kumlipisha mtoto gharama ya kioo.

Wengi katika nchi yetu hawakupewa miaka arobaini. Mwenye heri Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, mwenye miaka 24. Mimi nimekwisha kumzidi miaka kumi na mitano. Nami nililia juu ya goti! Miaka hii si mali yangu hata niseme imeibiwa. Nimekopeshwa; na hapa neno "kukopa" ni la kweli.

Katika Matendo ya Mitume, Mtakatifu Stefano anasimulia kwamba Musa alipotimiza miaka arobaini ndipo alipopata wazo la kwenda kuwaangalia ndugu zake. Mpaka siku ile alikuwa mtu wa nyumba ya mfalme, ametazamwa na wote. Siku ile akatoka akaenda kutazama. Alikosa pia, tena kosa zito, maana aliua mtu akakimbia. Lakini Mungu hakumwacha. Nadhani hiyo ndiyo maana ya tatu niliyoitafuta. Ujanani mtu huuliza, "Nani ananitazama?" Akifika arobaini, afadhali aulize, "Nani anangoja nimchukue?"

Motokaa ingali chini ya mwembe. Sikuiuza, wala sijui kama itatembea tena. Tumewaondoa kuku, tukasafisha viti, na saa za jioni mtoto yule na wenzake wa jirani husomea mle. Mimi huwasaidia hesabu, ingawa hesabu zangu za seminari zimechakaa kuliko matairi.

Siku yangu ikifika, nitakwenda Misa kwa miguu, pamoja nao. Niombeeni, hasa kwa siku ile atakapofika dada. Nami nawaombea ninyi nyote.